Mwaka Nilioitwa Nge

Jiwe likilala mahali pamoja kiangazi kizima, siku ukiligeuza linatoa harufu yake. Ni harufu ya udongo ambao jua halijaugusa, ya mizizi iliyokufa, na ya kitu kingine kikali kidogo, kama jembe lililoachwa kwenye umande. Watu wengi hupita maisha yao yote bila kuijua harufu hiyo, wala siwalaumu, kwa sababu siku hizi mawe yanageuzwa na matrekta. Mimi niliijua nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, kule Idodi, katika miaka ya hamsini, na hadi leo ikinipata puani mguu unarudi nyuma wenyewe na mkono unashuka kutafuta kijiti. Kwa sababu chini ya harufu ile ndipo anapokaa nge. Mimi shule nilisoma darasa la pili, nikaishia hapo, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kupambwa atafute kwingine. Nitasema mambo kama yalivyokuwa.

Sisi si watu wa Idodi. Nilizaliwa Igowole, kwenye milima ya Mufindi, nchi ya ukungu na baridi, ambako asubuhi unaamka huoni zizi la jirani, na nguo ikifuliwa Jumatatu unaivaa Alhamisi ikiwa bado mbichi. Baba alifariki nikiwa ninaanza kujua kuchota maji. Akaacha mama, mimi, na mdogo wangu Deo ambaye alikuwa bado mgongoni. Matanga yalipokwisha, baba mkubwa, kaka yake baba, akaja kumwambia mama ahamie kwake. Ndivyo desturi ilivyokuwa: mjane anarithiwa, anakuwa mke wa ndugu wa marehemu, na watoto na shamba vinafuata nyuma yake kama kamba inavyofuata mbuzi. Baba mkubwa alikuwa na wake wawili tayari, na wote wawili tulikuwa tukiwasikia wakilia. Mama hakubishana. Alisema anakwenda Iringa kuuza mbaazi, akambeba Deo, akanishika mkono, tukapanda lori la mkaa, na pale Iringa hatukuuza mbaazi yoyote. Tuliila njiani, tukitembea kuteremka kuelekea Idodi, kwa sababu mama alikuwa amesikia kanisani kwamba jumbe wa kule hamnyimi shamba mtu mwenye jembe.

Kila tulivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda. Nilivua sweta, nikavua gauni la juu, nikaona ajabu kwamba kuna nchi ambayo mtu anatoka jasho akiwa amekaa. Jumbe alikuwa mzee mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini, na alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo sikuwahi kumwona mwanaume mkubwa akilifanya. Kisha akamsalimia kwa lugha ya kwao, "Mama, kamwene. Pale kando ya korongo kuna shamba lenye mawe, hakuna anayelitaka. Na kuna tembe, mwenyewe alihama. Lima. Ukivuna, shamba ni lako, hakuna atakayekuuliza. Ukiondoka kabla ya kuvuna, basi mimi sikukuona na wewe hukuniona." Mama akapiga magoti akashukuru. Mimi nilielewa vizuri kabisa. Tulihitaji kukaa pale mvua moja na mavuno yake. Tukishindwa, njia ilikuwa moja tu, ya kurudi mlimani, kwenye nyumba ya wale wanawake wawili.

Hapo ndipo mama alipofanya kosa ambalo ni mtu wa Igowole peke yake anayeweza kulifanya. Kwetu kuni hazilali nje. Ukiziacha nje ukungu unazilowesha, na asubuhi utapuliza moto mpaka macho yavimbe. Kwa hiyo kila nyumba inapanga kuni ndani, ukutani, karibu na mahali pa kulala, na mwanamke anasifiwa kwa ukubwa wa rundo lake. Mama akafanya hivyo hivyo. Alikusanya magogo makavu porini, yale yenye magamba yaliyoachana, akayapanga ndani ya tembe kutoka chini hadi karibu na dari, akasimama akaliangalia rundo lake kwa furaha. Tukalala pembeni yake kama tulivyozoea. Alfajiri moja Deo akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto mwingine. Alikuwa ameshika mkono wake, hawezi kusema, mate yanamtoka, mwili unatetemeka. Mama alidhani ni degedege. Jirani yetu, Bibi Sofia, mwanamke mrefu mkavu aliyekuwa akiishi peke yake na kuku wake, alikuja mbio, akachungulia mlangoni, akaona rundo lile, akasimama pale pale.

"Nani amekuambia ulale na kuni ndani?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya, bibi," mama akajibu, huku akilia.

"Kwenu! Kwenu kuna baridi, hapa kuna nge. Umewajengea nyumba, umewawekea kitanda, sasa unalia wamemsalimia mtoto?"

Alimfunga Deo mkono, akamchanja pale palipovimba, akampaka dawa nyeusi kama masizi, kisha akaanza kuzitupa kuni nje yeye mwenyewe, gogo baada ya gogo. Kila gamba la mti lilikuwa na mpangaji. Wadogo wa manjano, wakubwa weusi wenye makucha mapana, mmoja amebeba watoto wake mgongoni kama mama alivyombeba Deo. Kuku wa Bibi Sofia walikuja wakala karamu. Deo alihangaika siku nzima na nusu, mama akimlaza mapajani bila kula, kisha akaomba uji, na uji huo mama aliupika akiimba. Lakini habari ilikuwa imekwisha kuzunguka kijiji kizima: watu wa baridi wamekuja kufuga nge.

Toka siku ile nilijifunza kwamba pale Idodi neno nge lilikuwa na kazi nyingi kuliko jembe. Nge ni yule mdudu, hilo kila mtu analijua. Lakini mwanamke mwenye ulimi mkali naye ni nge, na Bibi Sofia aliitwa hivyo na watu waliohakikisha kwanza kwamba yuko mbali. Pombe iliyopitiliza kuchacha waliiita nge. Msichana akisukwa nywele na msuko mmoja ukakunjiwa juu nyuma ya kichwa, hiyo ni nge. Deni la mtu mbaya, jino linalouma, mvulana anayekuchokoza akakimbia, wote nge. Hata juu mbinguni walikuwa naye. Jua likishazama Bibi Sofia alinyoosha kidole upande wa magharibi, akatuonyesha nyota zilizojipanga, kichwa, kifua chenye nyota nyekundu, na mkia uliojikunja, akasema huyo akianza kuzama mapema pamoja na jua basi mtu mwenye mbegu azitoe kwenye kihenge, mvua haiko mbali. Nilimwangalia yule wa juu nikaona kweli ni yeye, hakuna ubishi. Watoto nao walikuwa na mchezo wao wa nge, wa kutambaa kwa mikono miwili na mguu mmoja, mguu wa pili ukiwa juu umekunjwa kama mkia. Sasa kila nilipokwenda mtoni kuchota maji, walikuwa wananifuata nyuma kwa mtindo huo, mstari mzima, wakiimba, "Mtoto wa nge, mama yako amepika nini?" Siku moja ndoo ilinidondoka nikarudi bila maji, nikamwambia mama sitaki tena nchi hii, turudi kwa baba mkubwa.

Mama alikuwa anachambua mawe shambani. Hakuinua kichwa. "Njia unaijua," akasema. "Mimi siendi. Ukifika, wasalimie wale wake zake." Akaendelea na mawe yake. Nikakaa pale chini, nikamtazama mgongo. Ulikuwa umelowa jasho, umekonda, na haukugeuka. Nikainuka, sikwenda Igowole, nikaenda kwa Bibi Sofia. Nikamwambia, bila kusalimia vizuri hata, "Bibi, nifundishe nge."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini alinifundisha, na alinifundisha kwa ukali kama anavyofundishwa mtu kazi ya kweli. Kwanza jiwe. Sisi watu wa mlimani tunashika jiwe upande wetu tunalisukuma mbele, na vidole vyetu vinaingia chini yake bila sisi kujua kuna nini. Yeye alinionyesha kushika ukingo wa mbali na kulivuta jiwe kuja kwangu, ili likifunguka lifungukie kule, na jiwe lenyewe libaki kama ukuta kati yangu na aliyelala chini. Pili nge mwenyewe. Usimkimbilie, usimpige, maana akipigwa vibaya anapotelea nyasini na utamkuta jioni kwenye nguo yako. Weka kijiti mgongoni mwake, mbane taratibu mpaka atulie. Kisha kidole gumba na cha pili, mkiani, chini kidogo ya ule mwiba, shika kama unavyoshika uzi unaouingiza kwenye sindano, inua. Akiwa hewani hana la kufanya. Anapapasa kwa makucha, anakunja na kukunjua, basi. Mara ya kwanza nilimwachia, na yeye hakuchelewa, alinipiga hapa pembeni ya kidole. Moto ulipanda hadi kwapani. Bibi Sofia alinitazama tu, akauliza, "Unalia?" Nikasema silii. "Haya, huyo hapo, mshike tena." Nikamshika.

Na alinionyesha matumizi yake. Nge wakubwa weusi alikuwa akiwachoma juu ya kigae hadi wanakuwa mkaa, akawasaga pamoja na mizizi fulani, akachanganya na mafuta ya nyonyo. Hiyo ndiyo dawa nyeusi aliyompaka Deo. Mimi alinichanja mikononi, kwenye maungio, akaisugua humo, akasema sasa mwili wangu umejuana nao. Miaka mingi baadaye daktari mmoja aliona zile chale akaniambia ni upuuzi. Inawezekana. Sikubishana naye. Najua tu kwamba niliumwa tena mara kadhaa na nilikwenda zangu kuteka maji. Waliobaki, wale wadogo, walikuwa chakula cha kuku, na kuku wa Bibi Sofia walikuwa wakitaga kuliko wa mtu yeyote pale. Mama naye akawa na majike wawili, na mayai yakaanza kuonekana kwetu.

Kabla ya mvua shamba letu lilikuwa limesafishwa lote, jiwe kwa jiwe, mimi navuta, mama anabeba. Tulijenga ukuta wa mawe kuzunguka, na Idodi nzima ilipita kuutazama. Wanawake waliokuwa wakisafisha mashamba yao wakaanza kuniita. Mwanzo walikuwa wanaona haya. Baadaye ikawa ni kawaida, jiwe kubwa likifikiwa, mtu anapaza sauti kutoka shamba la pili, "Jamani, mwiteni Nge!" Nami naenda na kijiti changu na kibuyu changu cha mdomo mpana, natembea polepole kidogo ili wanione. Jina lilikuwa lile lile, watu ni wale wale, ila sasa lilitoka midomoni mwao likiwa na uzito mwingine. Wale watoto wa mchezo wa kutambaa wakaja mmoja mmoja, nje ya tembe letu, kuniomba niwafundishe. Wawili nikawafundisha. Aliyekuwa akianzisha wimbo nikamwambia arudi kesho, na kesho yake nikamwambia vile vile, akarudi mpaka nikachoka kumkataa.

Mvua ilikuja vizuri. Mtama uliota, ukapita kichwa changu, ukapita kichwa cha mama. Masuke yalikuwa yameanza kuiva, mama anapita humo asubuhi akiyagusa kama anahesabu watoto, tukiwa tumebakiza siku chache tu kuanza kuvuna, ndipo baba mkubwa alipofika. Alikuja mchana, ametoka njia yote ya mlimani, amevaa koti lake zito la sufu lililofika magotini, na jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji, lakini hakulivua maana lile koti ndilo lililokuwa heshima yake. Alikwenda moja kwa moja kwa jumbe na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi wa Igowole, ukinywewa siku ulipogemwa, ni mtamu kama maziwa. Ule ulikuwa umetembea juani kwa siku zaidi ya mbili. Jumbe alionja, akafumba jicho moja, akakirudisha kibuyu chini kwa uangalifu. "Ndugu yangu," akasema, "huu una mkia." Watu wakacheka, na baba mkubwa hakujua wanacheka nini.

Tuliitwa. Watu walikuwa wamekaa uani kwa jumbe, mama akasimama, mimi pembeni yake, Deo ameshika kanga yake. Baba mkubwa, kwa joto lile, hatimaye alishindwa, akavua koti akalitupa juu ya rundo la kuni lililokuwa pale pembeni ya ua. Nilimwona alivyofanya hivyo, nikasema moyoni, mtu wa Igowole huyu. Akaanza kusema. Alijua kusema, hilo simnyimi. Alisema hakuja kwa ugomvi, amekuja kuchukua watu wa marehemu ndugu yake. Alisema mwanamke huyu ana uchungu, hajui alifanyalo. Kisha akalitoa lile ambalo amelibeba njia nzima. "Nimesikia mtoto wa ndugu yangu alikaribia kufa hapa. Ameumwa na nge, ndani, amelala. Jumbe, wewe ni mzazi. Hii ni nchi ya kulea watoto wasio na baba? Mwaka huu kapona. Mwakani nitakuja kuchukua nini, mifupa?" Hata Bibi Sofia aliinamisha kichwa. Jumbe akatazama chini, akachora mchanga kwa fimbo yake, na mimi nikaona anaanza kukubali, kwa sababu neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake, na ahadi yake kwetu ilikuwa ni mavuno, na mtama ulikuwa bado uko shambani. Mama alikuwa ameniminya bega mpaka likauma.

Wakati huo huo macho yangu yalikuwa kwenye koti. Nge mkubwa mweusi alikuwa ametoka kwenye gamba la gogo, akapapasa kitambaa, akapanda, akaingia mkononi mwa koti taratibu, kama mwenye nyumba. Hakuna mwingine aliyemwona. Baba mkubwa akaona jumbe amenyamaza, akadhani kazi imekwisha. "Tutaondoka leo hii," akasema, akalifuata koti lake. Nitasema wazi, nilikuwa na nafasi ya kufunga mdomo. Mkono wake ungeingia mle ndani, na ningekuwa nimelipiza kilio cha wale wake zake wawili. Lakini nikaona zaidi ya hapo. Akiumwa, atakuwa amewathibitishia wote kwamba nchi hii inaua. Nikalichomoa bega mikononi mwa mama, nikasogea mbele.

"Baba mkubwa, usivae."

"Kaa kimya! Mtoto gani anaingilia wakubwa?"

Alikuwa amekwisha kulishika kola. Nikalivuta mkononi mwake, jambo ambalo kwetu mtoto angechapwa mpaka azimie, nikalikung'uta mara moja, kwa nguvu. Yule nge akaanguka mchangani katikati ya watu, mkubwa kama kiganja changu, mkia juu. Baba mkubwa alirudi nyuma akajikwaa kwenye kigoda, kisha akapanda juu ya kigoda chenyewe, mwanaume mzima, ameshika suruali yake magotini. Mimi nikachukua kijiti. Nikaweka mgongoni, nikabana, nikasubiri atulie, nikashika mkia, nikainua. Nikazunguka naye taratibu ili kila mtu amwone, nikaishia mbele ya kigoda. "Shikamoo, baba mkubwa," nikasema. "Huyu alikuwa anataka kwenda Igowole."

Kelele iliyopigwa pale uani sijaisikia tena, na nimehudhuria sherehe nyingi. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walijishika mbavu. Bibi Sofia alisimama akapaza sauti yake ile iliyomfanya aitwe nge: "Haya baba, tuambie! Nani anayehitaji kuchukuliwa akatunzwe, huyu mtoto au wewe uliye juu ya kigoda?" Jumbe alicheka mpaka akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Kisha akainua fimbo yake. "Ndugu yangu," akamwambia baba mkubwa, "shuka. Ulisema nge watawamaliza watu wako. Mimi naona ni hawa watu wako wanaowamaliza nge wangu. Huyu si mgeni wa hapa. Waache wavune." Akamrudishia kibuyu chake. Baba mkubwa alivaa koti baada ya kulikung'uta yeye mwenyewe, tena na tena, ndani nje, kila mfuko, huku watoto wote wa Idodi wakimhesabia. Akaondoka kabla jua halijazama. Tulivuna wiki ile ile, mimi, mama, na nusu ya kijiji, na mtama ukajaza vihenge vyote tulivyokuwa navyo na vya Bibi Sofia.

Jina lile sikulivua. Nimekaa nalo Mbeya nikiuza mchele sokoni, ambako wanaume waliotaka kuniondoa kwenye meza yangu waliulizana kwanza kwa nini ninaitwa hivyo. Nimekaa nalo Kihesa, ambako nimejenga nyumba ya mawe, mawe niliyoyachagua mwenyewe, na mafundi walishangaa ninavyoyavuta. Madereva wa malori yangu mawili walikuwa wakiita kona mbaya za barabara ya Mbeya mkia wa nge, nami nikawaambia jina hilo waliheshimu, wapunguze mwendo. Juzi mjukuu wangu alikuwa ananisomea mambo ya nyota kwenye simu yake, kila mtu na nyota yake kutokana na siku aliyozaliwa. Akaniuliza tarehe yangu. Siijui, hakuna aliyeiandika. Nikamwambia weka Nge, usiumize kichwa.

Huyo mjukuu ananiambia pia kwamba siku hizi kuna sheria, mwanamke anaweza kumiliki ardhi yake, mjane halazimishwi kuolewa na shemeji. Ni vizuri sana, na ninafurahi kuyasikia, ingawa bado naona wajane wengi wakifukuzwa na watu waliovaa tai. Mama yangu hakuisubiri sheria. Alilima shamba lile mpaka mgongo ulipomkatalia, na alipofariki, mzee sana, ukoo wa marehemu baba ulituma watu kutoka Igowole kusema mke wao azikwe kwao. Niliwapokea vizuri, nikawapa maji ya kunawa na chakula. Kisha tulimzika mama Idodi, katikati ya shamba lake, ndani ya ukuta wake wa mawe, kama anavyozikwa mwanaume mwenye mji wake. Wale wageni walisimama nje ya ukuta, wakaniuliza wapitie wapi na wakae wapi. Nikawaonyesha.